Neva Nne za Koo, na Picha ya Mahali Panapostahili

Mlioko mwaloni Nkome mkisubiri mitumbwi iingie, mlioko Nzera, Katoro, Nyarugusu na Rwamgasa, na ninyi wa visiwani mnaonisikia kwa redio ndogo ya betri, leo nina maneno na mtu mmoja. Ni yule ambaye sauti yake imekauka mwezi wa pili sasa, na mafua hana.

Mnamjua. Mwanzoni mlisema amepiga kelele mno mnadani. Mkampa tangawizi, mkampa asali, akaenda duka la dawa akauziwa vidonge vya rangi mbili, akamaliza dozi, na sauti ikabaki ileile ya kunong'ona. Sasa akinywa maji anapaliwa. Akikohoa, kikohozi hakina kishindo, hewa inapita tu. Pengine jirani yake ana shida inayoonekana haihusiani kabisa na hiyo: bega moja limeshuka, na mkono haupandi kuzidi usawa wa bega anapotaka kujitwika kiroba cha mawe. Na yupo wa tatu ambaye ulimi unamshinda. Akila ugali, tonge linabaki shavu moja, na inambidi alisukume kwa kidole.

Watu hawa watatu wanaweza kuwa wameumia katika mishipa ya fahamu iliyo jirani, na kipimo cha picha kinaweza kuonyesha palipoharibika. Lakini kinaweza pia kupiga picha nzuri kabisa ya mahali ambapo hapana ugonjwa. Majibu yakarudi yameandikwa "kawaida", na mgonjwa akarudi nyumbani na ugonjwa wake. Jambo hilo la pili ndilo linaloniumiza, na ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo.

Tuanze na mishipa yenyewe. Kichwani zinatoka jozi 12 za neva, na madaktari wamezipa namba kuanzia mbele kwenda nyuma. Nne za mwisho, yaani ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja na ya kumi na mbili, hutokea chini kabisa, pale ubongo unapokaribia kuwa uti wa mgongo. Ya tisa inahisi koo na kusaidia kumeza. Ya kumi inainua kaakaa laini, inaendesha nyuzi za sauti, kisha inashuka hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Ya kumi na moja inainua bega na kugeuza shingo. Ya kumi na mbili inaendesha ulimi, hiyo tu.

Sasa sikilizeni zinavyotoka kwenye fuvu. Ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja zinapita pamoja katika tundu moja kwenye sakafu ya fuvu, tundu lilelile linalopitisha mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani. Ya kumi na mbili ina mfereji wake mdogo wa mfupa, pembeni kidogo tu. Kwa hiyo uvimbe mmoja ukikaa mahali hapo unaweza kuchukua sauti, kumeza, bega na ulimi kwa mpigo, vyote vya upande mmoja. Zikishatoka nje ya fuvu zinateremka sambamba shingoni kwa kipande kifupi, karibu na mshipa wa damu unaopiga mkiushika chini ya taya. Halafu zinaachana, na kila moja inakwenda kwenye kazi yake.

Ya kumi ndiyo yenye safari ndefu kuliko zote, na safari yake ina jambo la kushangaza. Tawi linaloendesha uzi wa sauti wa kushoto haliishii shingoni. Linashuka hadi kifuani, linazunguka chini ya upinde wa aota, ule mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo, kama kamba ya mtumbwi inavyozungushwa kwenye kigingi, kisha linapanda tena hadi kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti. La kulia linazungukia juu zaidi, kwenye mshipa wa damu unaoelekea mkononi. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza sauti kwa sababu ya kitu kilicho karibu na moyo wake, huku koo lake likiwa halina kidonda wala uvimbe.

Hapo ndipo nataka tukae, kwa sababu katika ukanda wetu huu wa dhahabu kifua ndicho chenye habari nyingi.

Wapo vijana wa mwambao wanaovua kwa msimu, na samaki wakiadimika wanakwenda kwenye maduara ya Geita. Kule wanachoronga mwamba, wanaponda mawe, wanasimama karibu na makarasha siku nzima, na vumbi linaingia. Vumbi la mwamba wenye dhahabu hapa kwetu lina silika nyingi. Likikaa kwenye mapafu kwa miaka linaleta makovu, na tezi zilizo katikati ya kifua zinavimba na kuwa ngumu. Mapafu yaliyojaa silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi sana. Jambo hili linajulikana duniani tangu enzi za machimbo ya Afrika Kusini, na hapa nchini madaktari wamelishughulikia kwa wachimbaji wa tanzanite wa Mererani, ambako hospitali ya Kibong'oto iko jirani. Kifua kikuu nacho kinavimbisha tezi zilezile. Na baadhi ya tezi hizo zimekaa kati ya upinde wa aota na mshipa wa damu wa mapafu, palepale lile tawi la kushoto linapozungukia. Tezi ikivimba, neva inabanwa, uzi wa sauti unalala, na mtu anaanza kunong'ona.

Kipimo cha kwanza cha picha kwa mtu huyo ni kipi? Ni eksirei ya kifua. Wala si mashine ya mabilioni. Ni kipimo kilekile alichogundua Röntgen huko Ujerumani mwezi Novemba 1895, nacho kiko karibu kuliko vipimo vyote nitakavyovitaja leo. Pamoja nayo, makohozi yapimwe. Kupima na kutibu kifua kikuu katika nchi hii ni bure, na mgonjwa wa kawaida hutumia dawa miezi sita. Wako watu ambao sauti yao hurudi tezi zikishanywea, na wako ambao hairudi kwa sababu neva ilibanwa muda mrefu mno. Tofauti ya makundi hayo mawili mara nyingi ni majuma tu ya kungoja.

Kuna njia nyingine ya kifuani, na hii inawahusu hasa vijana na kina mama wadogo. Mtoto anaumwa koo, hatibiwi ipasavyo, na baadaye mwili wake unashambulia valvu za moyo. Miaka inapita. Valvu inakuwa nyembamba, chumba cha juu cha moyo upande wa kushoto kinatanuka, shinikizo linapanda hadi kwenye mshipa mkuu wa mapafu, nao unafura na kuibana ile neva kwenye aota. Daktari Norbert Ortner wa Vienna alieleza wagonjwa wa namna hiyo mwaka 1897, sauti imekauka na moyo umetanuka. Huko Ulaya ugonjwa wa valvu wa namna hii umekuwa nadra. Kwetu Afrika Mashariki bado tunao. Kwa hiyo binti aliyepoteza sauti, anayehema akipanda kilima kidogo na kuvimba miguu jioni, naye anastahili eksirei ya kifua, na baada yake ultrasaundi ya moyo.

Sasa nipande juu, nije kwenye koo lenyewe, na hapa nitasema jambo la kimeo.

Katika mikoa yetu desturi ya kukata kimeo ipo na ina nguvu. Mtoto akikohoa sana, au mtu mzima akihisi kitu kimemkwama kooni, anapelekwa kwa fundi, na kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo kinakatwa. Madaktari wamekuwa wakiandika kuhusu desturi hiyo nchini Tanzania tangu miaka ya 1980, wakieleza damu inayotoka bila kukoma, maambukizi, pepopunda, na hatari ya chombo kimoja kutumika kwa watu wengi. Hayo yamesemwa sana. Nataka kuongeza lingine ambalo halisemwi.

Kimeo ni mshale. Neva ya kumi ikiumia upande mmoja, kaakaa laini la upande huo haliinuki. Mgonjwa akisema "aaa", upande mzima unavuta peke yake, na kimeo kinaelekea huko. Mhudumu wa zahanati mwenye tochi na kijiko anaweza kuliona jambo hilo kwa muda mfupi sana, na hapo amekwisha kujua upande ulioumia kabla ya mashine yoyote. Sasa mgonjwa akijitazama kwenye kioo akaona kimeo kimekwenda upande, anadhani hapo ndipo penye ugonjwa. Anakwenda kukatwa. Mshale umeondolewa, na chanzo kiko palepale, kwenye fuvu au kifuani. Nawaomba kina bibi na kina shangazi mnaoheshimiwa katika mambo haya: mkiona kimeo kimepinda, mpelekeni mgonjwa hospitali kikiwa bado kipo.

Na wahudumu wenzangu wa zahanati, mambo mengine matatu hayahitaji hata umeme. Mwambie mgonjwa atoe ulimi nje. Ukielekea upande mmoja, upande huo ndio dhaifu. Weka mikono yako juu ya mabega yake, mwambie ayapandishe akusukume. Mpe maji kidogo kwa kikombe, umwangalie kama anapaliwa, kisha msikilize anavyosema baada ya kumeza. Sauti yenye majimaji inaonyesha kwamba maji yamekaa pasipo pake. Andika ulichokiona, na andika upande gani.

Zamani madaktari walikuwa na hayo tu. Adolf Wallenberg, daktari wa mji wa Danzig, mwaka 1895 alieleza mgonjwa aliyeshindwa kumeza ghafla, sauti imekauka, uso umekufa ganzi upande mmoja na mwili upande wa pili. Kwa dalili peke yake alitaja sehemu ya shina la ubongo iliyokosa damu. Mwaka 1901, mgonjwa huyo alipokwisha kufariki, ubongo ulichunguzwa na kuonyesha kwamba Wallenberg alisema kweli. Na katika Vita vya Kwanza vya Dunia madaktari wa Ufaransa, kina Collet, Vernet na Sicard, walikuwa wakitazama askari waliopigwa chini ya sikio na kujua, kwa sauti, ulimi na bega, ni tundu gani la fuvu limeguswa. Majina yao bado yanatumika katika vitabu. Nawataja ili mjue kwamba kuuliza ugonjwa uko wapi kumetangulia mashine, na mashine zilikuja kuonyesha kwa mgonjwa aliye hai kile ambacho wao walikikisia.

Mgonjwa wa kwanza kuingizwa kwenye mashine ya CT, ile eksirei ya vipande vipande, alipimwa London mwezi Oktoba 1971, kwa kazi ya Godfrey Hounsfield. Mwaka huohuo Hospitali ya Bugando ilifunguliwa pale mlimani Mwanza. Ilichukua miaka mingi mambo hayo mawili kukutana. Leo Bugando ina CT na MRI, Chato kuna hospitali ya kanda, na kutokana na ule mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, wa shilingi trilioni 1.3, serikali ilinunua mashine za CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Barabara nayo imebadilika. Mnakumbuka kupanga foleni ya kivuko pale Busisi na mgonjwa ndani ya gari. Tangu Juni 2025 tunapita juu ya daraja la kilomita 3. Kwa mtu wa Nkome mashine imesogea kwa kweli.

Lakini mashine ikisogea bila swali sahihi, ndipo linapotokea lile nililolisema mwanzo. Mgonjwa sauti imekauka, na fomu ya kipimo imeandikwa maneno mawili: CT kichwa. Mtaalamu wa mionzi anafanya alichoombwa. Picha ya kichwa inaanzia utosini na kuishia kwenye sakafu ya fuvu. Shingo haimo. Kifua hakimo. Ile tezi iliyo chini ya aota iko mbali sana na picha hiyo. Jibu linarudi kwamba ubongo ni wa kawaida, na ni kweli, ubongo ni wa kawaida. Fedha imekwenda, pengine ng'ombe ameuzwa au injini ya mtumbwi imewekwa rehani, na mgonjwa anaambiwa hana kitu.

Kwa uzi wa sauti uliolala, picha ya CT inatakiwa kufuata neva yote, kutoka sakafu ya fuvu, kupita shingo, hadi kifuani chini ya upinde wa aota. Maneno hayo yaandikwe kwenye fomu kama nilivyoyasema. Sentensi moja inatosha.

MRI nayo ina la kwake. Mashine hii haitumii mionzi, inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio, na ndiyo inayoona neva zenyewe vizuri zaidi, hasa pale zinapoogelea katika maji yanayozunguka ubongo kabla ya kuingia kwenye tundu lao. Kuna namna ya kupiga ambayo maji yanatoka meupe sana na neva zinaonekana ndani yake kama nyuzi nyeusi. Ili ziweze kuonekana, vipande vya picha vinatakiwa kuwa vyembamba, visizidi milimita 1 kila kimoja. MRI ya kawaida ya kichwa huwa na vipande vya milimita 4 au 5. Neva hizi ni nyembamba kuliko hapo, kwa hiyo zinapotea kati ya kipande na kipande. Mtaalamu akijua kwamba anatafuta neva ya kumi na mbili upande wa kushoto, anaongeza vipande vyembamba mahali hapo, na pengine anachoma dawa ya kung'arisha uvimbe. Asipojua, anapiga picha ya kawaida. Tusimlaumu. Aliyemtuma hakumwambia.

Uzuri ni kwamba hata neva isipoonekana, msuli wake unasema. Ulimi uliokosa neva huvimba kidogo majuma ya mwanzo, kisha miezi ikipita nyama yake inageuka mafuta. Kwenye picha unaona nusu ya ulimi ina rangi nyingine na imeangukia nyuma kooni. Msuli wa bega unanywea hadi ukilinganisha na wa pili unaona tofauti mara moja. Upande wa zoloto uliolala unaacha mfuko wa hewa mpana pembeni yake. Daktari wa radiolojia mwenye jicho anasoma hayo, kisha anarudi nyuma kufuata neva hadi palipo na tatizo. CT kwa upande wake inaona mfupa vizuri. Inaonyesha kama lile tundu la fuvu kingo zake zimeliwa na saratani au zimesukumwa taratibu na uvimbe usio saratani.

Na saratani ipo, tuiseme. Kuna saratani inayoota nyuma kabisa ya pua, juu ya koo, mahali ambapo mtu hawezi kujiona wala kujigusa. Peter Clifford, daktari wa pua, masikio na koo aliyefanya kazi Nairobi, aliishughulikia sana miaka ya 1960. Ina uhusiano na kirusi cha Epstein-Barr, kirusi kilichogunduliwa London mwaka 1964 katika uvimbe uliotoka Uganda, wa ule ugonjwa wa taya za watoto ambao Denis Burkitt wa Mulago aliuandikia mwaka 1958. Ni historia ya ukanda wetu huu wa maziwa kabisa. Saratani hii ya nyuma ya pua inawapata hata vijana. Huanza na sikio moja kuziba, damu kidogo puani, na uvimbe usiouma juu ya shingo. Mgonjwa anatibiwa sikio, anatibiwa tena sikio. Siku ulimi unapopinda au sauti inapokauka, saratani imekwisha kufika kwenye sakafu ya fuvu. Ingawa ni hivyo, inasikia tiba ya mionzi na dawa kuliko saratani nyingi za kichwa na shingo, na Bugando ina tiba ya mionzi. Sikio moja la mtu mzima likiziba wiki hadi wiki, na shingoni pana tezi, basi nyuma ya pua patazamwe. Msingoje ulimi.

Tukishafika shingoni, nina neno kwa wanaokata tezi ili zipimwe. Neva ya kumi na moja, ile ya bega, inapita juujuu sana upande wa nyuma wa shingo, chini ya ngozi na mafuta kidogo tu, katikati ya zilezile tezi zinazovimba kwa kifua kikuu. Kisu kikienda haraka kinaikata. Mgonjwa anapona kidonda, baada ya majuma anagundua hawezi kuvuta nyavu wala kubeba mzigo, naye hahusishi bega na kile kidonda kidogo. Ultrasaundi ya shingo inaonyesha tezi iko kina gani na nini kimepita jirani, na inaweza kuongoza sindano nyembamba ichukue sampuli bila kisu. Siku hizi ultrasaundi ipo mpaka kwenye vituo vya afya vingi. Watu wanaijua kama mashine ya wajawazito, lakini shingo inaitazama vizuri kabisa, na mkono wenye ujuzi unaweza hata kuona nyuzi za sauti zikicheza, au moja ikiwa imelala.

Ni lazima niseme pia kwamba si kila sauti iliyokauka ni neva. Kuna uvimbe wa zoloto lenyewe, kuna saratani ya wavutaji sigara, kuna kifua kikuu cha zoloto ambacho kinaambukiza sana. Kwa hiyo sauti ikizidi wiki tatu au nne bila kurudi, hatua ya kwanza ni daktari wa koo atazame nyuzi za sauti kwa kioo au kamera. Picha zinafuata. Na wako ambao picha zote zitatoka safi, kila mahali, kwa kipimo kilichofanywa vizuri. Miongoni mwao wapo ambao neva hurudi yenyewe baada ya miezi, na wapo wenye magonjwa ya misuli ambayo hayaonekani kwenye picha na yanahitaji vipimo vingine.

Mkipewa tarehe ya MRI, yapo mambo mawili ambayo watu wa huku wanapaswa kuyasema wenyewe hata wasipoulizwa. La kwanza ni la wachimbaji. Aliyewahi kugonga mwamba kwa tindo na nyundo, na kipande cha chuma kikamrukia jichoni, hata kama ni zamani na jicho lilipona, aseme. Sumaku ile inaweza kukivuta kipande hicho na kuliharibu jicho. Watampiga eksirei ya macho kwanza. La pili ni la huyu mgonjwa wetu anayepaliwa. Kipimo kinamtaka alale chali bila kutikisika, pengine nusu saa au zaidi, na mtu asiyemeza vizuri mate yanaweza kumpalia akiwa ndani ya mashine. Aseme mapema. Wataalamu wanaweza kumwekea mto, kumnyonya mate kabla ya kuanza, kugawa kipimo katika vipande vifupi, na kumpa kengele ya kubonyeza. Kila akimeza, picha inatikisika, kwa hiyo kumsaidia ni kuisaidia picha pia.

Na chukueni kila karatasi. Eksirei ya zamani, majibu ya makohozi, cheti cha upasuaji wa shingo, vyote viende. Picha ya mwaka jana ikiwekwa kando ya picha ya leo inamwambia daktari kama uvimbe unakua au umetulia, na hakuna mashine ya kulijua hilo kwa picha moja.

Kati ya leo na siku ya kipimo mgonjwa lazima ale, na familia nyingi hapa zinakosea kwa upendo. Wanampa vitu vya majimaji wakidhani ni rahisi kumeza: maji, chai, mchuzi mwepesi. Kwa mtu wa neva hizi, majimaji ndiyo hatari, kwa sababu yanakimbia na kuingia kwenye njia ya hewa kabla koo halijajifunga. Mpeni uji mzito, viazi vilivyopondwa, ndizi laini, samaki aliyechambuliwa miiba yote. Dagaa wakavu waacheni kwa sasa. Akae wima, asile amelala kitandani. Ameze kidogo kidogo, ainamishe kidevu kuelekea kifuani wakati wa kumeza, na akimaliza abaki amekaa nusu saa. Kama nusu moja ya koo ni dhaifu, ageuze uso kuelekea upande huo dhaifu anapomeza, ili chakula kipite upande wenye nguvu. Na akianza homa, au kuhema kwa shida, au makohozi yakibadilika harufu, yawezekana chakula kimekwisha kuingia kwenye mapafu. Tarehe ya kipimo iacheni kwanza. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.